UZI: Makavazi ya huku kwetu yanamhudumia nani?

#1 NyarAsembo

Salamu wadau.

Nimekaa na jambo hili tangu likizo ya Agosti, sasa nalileta kwenu. Nilimpeleka nyanya yangu kwenye makavazi moja ya huku magharibi, jina naliacha. Nyanya ni mfinyanzi. Alifunzwa na mama mkwe wake baada ya kuolewa, kama walivyofunzwa wanawake wengi wa Kiluo wa rika lake. Tulipofika kwenye kabati la vyungu akasimama. Akaangalia shingo ya chungu kimoja cha maji, pale ambapo kamba iliyosokotwa huviringishwa juu ya udongo mbichi ikaacha alama, akasema: "Aliyefinyanga hiki hakutoka kwetu. Tazama alama zinavyolala, kamba yake imesokotwa kwa upande mwingine." Akaanza kutaja sehemu wanakofinyanga hivyo, na soko walikokuwa wakiuza.

Kijana aliyetuongoza alisikiliza kwa adabu, kisha akatuonyesha kibao. Kimeandikwa kuwa ni chungu na kuwa ni cha Waluo. Basi. Hakuna aliyeandika alichosema nyanya, na wala hapakuwa na pa kuandika. Tukaenda kutazama nyoka.

Dai langu: makavazi yetu yanatueleza kwa wageni, na sisi wenye vitu tunaingia kama wageni pia. Watu ambao kazi zao zimefungiwa vioo bado wako hai, wengine kilomita chache tu kutoka langoni, na hakuna anayewauliza neno. Kwa nini iko hivi, na kifanyike nini? Wa Nakuru, Kisumu, Kitale, Kakamega, Migori, leteni yenu.

#2 Omwami_Lugari

Asante kwa uzi. Swali la "kwa nini" jibu lake liko kwenye mizizi. Chukua Kitale. Makavazi yale ni ya zamani kuliko mengi ya huku bara, yalianza 1926 yakiwa mali ya Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa akikusanya wadudu tangu akiwa mtoto mdogo. Vipepeo, ndege, vitabu, kisha na vitu vya watu. Alifariki 1966 akaacha wasia kwamba mkusanyiko uwe wa taifa, na jengo jipya likafunguliwa Desemba 1974. Hata Nairobi, kilichoanza 1910 kilikuwa chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, maofisa wa serikali ya kikoloni na walowezi.

Sasa fikirini. Mtu anayekusanya vipepeo hana haja ya kumuuliza kipepeo chochote. Anamchoma sindano, anaandika jina, anafunga droo. Akigeukia ngao na vibuyu anakuja na mkono uleule. Chungu alichokiona nyanya yako kimewekwa kama kipepeo. Walowezi waliondoka, droo zikabaki, na namna ya kufikiri ikabaki ndani ya droo.

#3 JaKolwa

Omwami, kwa Kitale sina neno, lakini usitupake Kisumu rangi hiyo. Makavazi ya Kisumu hayakurithiwa kwa mlowezi. Yamekuwepo tangu 1975 na yalijengwa na Kenya huru. Pale kuna Ber-gi-dala, boma zima la Kiluo kwa ukubwa wake halisi: nyumba ya mikayi (mke wa kwanza) ikitazama lango, ya nyachira (wa pili) na ya reru (wa tatu) pande zake mbili, simba, yaani nyumba ya kijana, karibu na lango, ghala za nafaka. Hiyo si droo ya vipepeo. Mtoto wa Kondele ambaye hajawahi kulala ushago anaingia pale anaelewa kwa nini babu yake hakubali nyumba ijengwe popote tu.

NyarAsembo, nyanya yako angekuja Kisumu angekaa kwenye kivuli akastarehe.

#4 Mwalimu_Ahero

JaKolwa, 1975 ndipo mipango ilipoanza. Milango ilifunguliwa Aprili 1980.

Na juu ya Ber-gi-dala nakuunga mkono nusu. Huwa nawapeleka wanafunzi. Nyumba zimejengwa vizuri, mpangilio ni sahihi. Lakini swali la kwanza la watoto kila mara ni: "Mwalimu, wenyewe wako wapi?" Boma la Kiluo halianzi na kuta. Linaanza siku mwanamume anapotoka kwa baba yake alfajiri, jogoo mkononi, mwanawe akibeba shoka na mke akibeba moto. Hayo ndiyo yanayolifanya dala, yaani boma. Ukiwaonyesha watoto nyumba bila moto na bila jogoo umewaonyesha ujenzi.

Ningetaka kuona wazee wakikaribishwa pale Jumamosi, moto uwake, mama asage wimbi kwenye jiwe watoto wakipokezana. Mtaala wa umilisi unatutaka tuwaunganishe wanafunzi na jamii. Pa kufanyia pako. Hakuna anayelipa nauli ya mzee.

#5 Araap_Njoro

Wa Nakuru nimefika.

Hapa kwetu shida ni ya aina nyingine. Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale, iko kilomita chache tu kutoka mjini, barabara ya kwenda Nairobi, na nusu ya watu wa Nakuru hawajapanda. Kuna mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale, ambayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na kuna mbao za mchezo wa bao zilizochongwa moja kwa moja kwenye mwamba. Mary Leakey alipagundua akapachimba, pakatangazwa mnara wa kitaifa 1943, na 1965 nyumba ya shamba iliyokuwa ya mzungu ikafanywa makavazi. Nyumba ya mlowezi ndiyo inayosimulia habari za Sirikwa! Halafu nenda Njoro uone ngome ya Lord Egerton, ilianza kujengwa 1938 ikamalizika 1954. Hiyo watu wanaijua. Harusi zinapigwa picha pale kila wikendi.

Sasa niambieni Waogiek wako wapi kwenye hadithi hii ya Nakuru. Watu wa msitu wa Mau. Mzinga wa Kiogiek ni gogo la mwerezi lililopasuliwa, likachimbwa ndani, likafungwa tena na kupandishwa mtini. Unahamisha kazi yako kutoka nyanda za chini hadi za juu kwa kufuata maua yanavyochanua, na kila ukanda una asali yake, rangi yake na ladha yake. Mwerezi hauozi upesi, kwa hiyo mzinga unaweza kurithiwa. Hiyo ni elimu nzima ya msitu. Ukiweka mzinga huo kwenye chumba chenye sakafu ya saruji umeweka kuni.

Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek zilivunjwa walipofukuzwa Mau, na 23 Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi milioni 157.85 na ardhi yao itambuliwe. Makavazi ya Waogiek ni msitu. Mkiwanyima msitu mkawajengea kibanda cha maonyesho, mtakuwa mmewafanyia nini?

#6 Mwalimu_Ahero

Araap, mchango mzito. Nyongeza moja: aliyeiona Hyrax Hill kwanza kama mahali pa kale ni Louis Leakey, mwaka 1926. Mary alikuja kuchimba 1937.

#7 Mama_wa_Kibuye

Mimi nauza mboga soko la Kibuye, Kisumu. Mnaongea vizuri lakini niambieni kitu kimoja. Mzigo wangu unafika kabla jua halijatoka, nauza mpaka giza. Nikipata siku ya kupumzika nitatumia pesa kwenda kuona chungu ambacho nacho nyumbani?

Siulizi kwa ubaya. Nauliza mna nini ndani ambacho kitanisaidia mimi.

#8 JaKolwa

Mama, hilo swali lako liandikwe kwenye lango la kila makavazi.

#9 Wakili_Pembeni

Wadau, nyote mnazungumzia moyo, niruhusuni nizungumzie mfuko. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka makavazi katika majukumu ya kaunti, kwenye orodha moja na maktaba, michezo na shughuli za kitamaduni. Majengo ya kale na turathi zenye umuhimu wa kitaifa ziko kwa serikali kuu. Wakati huohuo Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 iliyatangulia hayo yote, na taasisi ya kitaifa ndiyo inayoendesha Kisumu, Kitale, Kapenguria, Hyrax Hill na kwingineko.

Matokeo yake mnayaona. Msimamizi wa tawi hana bajeti ya kumlipa mzee nauli, kwa sababu makadirio yanapangwa Nairobi. Kaunti nayo haimpi kwa sababu makavazi si yake. Mwalimu anauliza nani alipe, na hakuna atakayemjibu mpaka wawili hao wakubaliane. Mambo ya vipepeo yanapendeza kusoma, Omwami, lakini hata ukimweka msimamizi mwenye nia safi kabisa, mikono yake imefungwa.

#10 Omwami_Lugari

Wakili, pesa hufuata fikra. Kaunti zetu zimejenga viwanja vya michezo na malango makubwa ya mji. Hazikukosa shilingi. Hazikuona kwamba kibuyu cha mama ni jambo la bajeti.

#11 Kijana_wa_Mfangano

Nawasalimu kutoka kisiwani. Naona mnajadili kana kwamba makavazi ni yale ya serikali peke yake. Huku Mfangano tuna Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba, na yanashikwa na watu wa hapa. Tuna michoro ya miambani, miduara myekundu na myeupe yenye miale kama jua, kule Mawanga na Kwitone. Inasemekana ilichorwa na Watwa, wawindaji waliokaa hapa kabla yetu. Sisi tulipofika tukaendelea kupaheshimu, koo fulani ndizo zilizokuwa zikienda huko kuomba mvua. Ndiyo maana michoro bado iko. Haikulindwa na uzio. Ililindwa na hofu na heshima.

Lakini nisiwadanganye kwamba jamii ikishika kila kitu kinanyooka. Lugha yetu ya Kisuba inatuponyoka, wengi wa rika langu tunaota kwa Kijaluo. Mtoto anaweza kukuonyesha mchoro na asijue wazee walisema nini mbele yake. Kwa hiyo mimi naomba makavazi yaanze na sauti. Mzee mmoja akifa huku hakuna droo ya kumtafutia.

#12 Otieno_Mashabiki

Mnahangaika bure. Mkitaka Kisumu nzima ijae kwenye makavazi wekeni kombe la klabu ya Gor Mahia la 1987. Mtapanga foleni mpaka Kisian.

#13 Omwami_Lugari

Na upande wa pili wa chumba jezi za AFC Leopards, ili watu wapate kuona mpira wenyewe.

#14 Otieno_Mashabiki

Omwami, ninyi mtatuonyesha historia, sisi tutawaonyesha kombe la Afrika. Espérance ya Tunis, tuliowashinda fainali, wanatukumbuka hadi leo.

Ila wadau nasema kweli kabisa. Baba yangu hana kitabu hata kimoja, lakini anaweza kukueleza mechi ile ya marudiano, 1-1, dakika kwa dakika, na jinsi watu walivyotembea kwa miguu kurudi nyumbani wakiimba. Jina la klabu lenyewe ni la mganga mkuu wa Kanyamwa. Kumbukumbu ya watu wa mjini iko hapo. Kwa nini utamaduni uwe ngozi na vibuyu tu? Sisi wa mtaa wa Manyatta hatuna vyetu?

#15 Mwalimu_Ahero

Otieno ameanza kwa utani lakini hoja yake isipite. Wajaluo wa 1900 wamo kwenye vioo. Wa 1987 hawamo.

#16 Binti_Teso

Mama wa Kibuye (#7), nina jibu lako na ni la kweli kabisa.

Huku Busia, upande wa Teso, kuna mwamba wa Kakapel wenye michoro ya kale. Chini yake wataalamu walichimba, na utafiti uliochapishwa 2024 ukaeleza walichokuta: mbegu za mimea iliyolimwa, zikiwemo kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi, na wimbi wa miaka elfu moja na zaidi. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa kilimo katika Afrika Mashariki. Hizo kunde unazofunga mafungu pale Kibuye, mama, wanawake wa huku wamekuwa wakizichuma kabla Yesu hajazaliwa.

Sasa kwenye makavazi yenye akili, wewe ndiye ungekuwa umekaa mbele ya mbegu hizo ukieleza namna ya kuchuma bila kuua shina, mboga ipi inachanganywa na ipi ili uchungu upungue, maziwa yanaingia lini. Na ungelipwa. Halafu bustani nje, kunde, mrenda, managu, saga, mitoo, watu wanunue mbegu waende nazo.

#17 Mama_wa_Kibuye

Binti asante. Hiyo nimeielewa.

Watu wengi wanaharibu managu kwa kumwaga maji ya kwanza haraka. Na saga ukiipika leo uile leo huijui saga. Ilale na maziwa, ichemshwe tena kesho, na kesho kutwa ndiyo inakuwa tamu. Wasichana wananiuliza kila siku sokoni, nawaeleza huku napima. Mbegu ndio shida. Zile za zamani za mitoo sizipati tena, naletewa za duka ambazo zinatoa maua upesi. Kama kuna nyumba ya serikali inayoweza kututunzia mbegu, hapo nitafunga kibanda nije. Hata bila kulipwa siku ya kwanza.

#18 Wakili_Pembeni

Kuongezea kwa Binti_Teso: Kenya tayari imewahi kusifiwa kwa hilo. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza kwenye orodha yake ya mifano bora kazi ya kuhifadhi vyakula vya asili Kenya, na jamii mbili zilizohusishwa kwa karibu zilikuwa Waisukha wa Kakamega na Wapokot. Kwa hiyo njia inajulikana. Haijafika Kibuye.

#19 Mzee_Chavakali

Vijana, nimewasoma. Wote mnamtafuta mkosaji mbali. Mzungu, Nairobi, kaunti. Mimi nilikuwepo vitu vilipochomwa. Hakuja mzungu na kiberiti. Tulikuwa sisi, tumeokoka, tukatoa vya babu zetu uani tukavitia moto huku tukiimba. Kiti cha mzee, pembe, vifaa vya waganga. Vingine walivichukua wanunuzi waliopita vijijini wakitoa pesa kidogo, na tulifurahi kuviona vinaondoka. Tulifunzwa kwamba ni uchafu na tukaamini.

Sasa mnataka makavazi yaakisi jamii. Jamii ipi? Wapo wengi kanisani kwangu mpaka leo ambao hawatakubali watoto wao waguse vitu hivyo. Mtawaacha nje? Nao ni wenyeji.

#20 NyarAsembo

Mzee, heshima yako. Hili sikulifikiria na sina jibu la haraka. Nyanya mwenyewe ni mtu wa kanisa, na bado anafinyanga. Kwake hakuna mgongano wowote.

#21 Araap_Njoro

Mzee wangu, baadhi tulichoma, sawa, lakini vingine vilichukuliwa kwa bunduki. Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905 na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, alipokwenda kwa mazungumzo ya amani, na fimbo zake za utawala zikabebwa hadi Uingereza. Ziko huko mpaka leo.

#22 Tugen_wa_Nandi_Hills

Araap, fimbo zilirudishwa 2006 na familia ya Meinertzhagen. Zilipokewa na wazee wa Nandi, na huku Nandi Hills kuna makavazi na kaburi la heshima la Koitalel. Kinachodaiwa bado ni fuvu lake.

Na hapo pana somo. Zile fimbo tatu zilileta watu wengi kuliko maonyesho yoyote niliyowahi kuyaona. Wamama walilia. Hakuna aliyehitaji kibao cha maelezo.

#23 Omwami_Lugari

Kwa wasiojua ukubwa wa jambo: mradi wa pamoja wa Makavazi ya Kitaifa, Goethe-Institut, wasanii wa Kenya na makavazi ya Ujerumani uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za nje. Elfu thelathini na mbili! Na hizo ni zile zilizokubali kufungua madaftari yao. Vianze kurudi, mengine yatafuata.

#24 JaKolwa

Virudi wapi, Omwami? Kwenye stoo ya Nairobi? Kule Pwani vigango 30, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vilirudi kutoka Denver, Marekani, 2019, na shida ikawa kwamba vilipoibwa hakuna aliyeandika vimetoka boma lipi, kwa mzee yupi. Kigango ni cha marehemu fulani, na ukoo fulani. Ndiyo yaleyale ya chungu cha #1. Kabla ya kudai elfu thelathini na mbili tuanze kwa kuandika majina ya vile tulivyo navyo, maana kila mwaka wanaojua wanapungua.

#25 Omwami_Lugari

Mambo mawili hayazuiani.

#26 Mwanza_Mjini

Habari za ng'ambo ya ziwa. Wakuu, sisi Wasukuma tuna Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Ilianzishwa miaka ya 1950 na padri mmoja kutoka Kanada, David Clement. Padri! Mzee wa #19 asikie. Jengo la kanisa lenyewe limejengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma, na makumbusho yako uwanja huohuo. Ngoma za watemi zipo.

Lakini kinacholeta watu si ngoma zilizolala ndani. Ni Bulabo, tamasha la ngoma, kila mwaka mwezi wa sita, baada ya sikukuu ya Ekaristi. Vyama viwili vya wachezaji, Wagika na Wagalu, vinashindana kucheza, na kila upande una dawa zake na mbwembwe zake, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mkulima anakuja kushindana, na akiwa pale anaingia makumbusho. Ninyi mnaanza kwa jengo halafu mnatafuta watu. Sisi watu walikuwepo wanacheza.

#27 Mwalimu_Ahero

Asante jirani. Huo mfano nauchukua mzimamzima.

#28 Ingo_Kwetu

Mwanza_Mjini amenifungulia njia. Mimi ni Mwidakho na nitasema wazi: sioni haja ya makavazi. Isukuti, ngoma yetu, iliingizwa na UNESCO 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala, njuga. Inapigwa kwenye matanga, harusi, kuzaliwa mtoto, kutawazwa kwa kiongozi. Ikipigwa inaishi. Kinachoiua hakitokani na kukosa jengo. Wapigaji wazee wanakufa, vijana wanataka walipwe, na miti ya kuchongea ngoma imekwisha. Nipe hekta mbili za miti na karo ya wanafunzi ishirini wa ngoma, ubaki na jengo lako.

#29 Binti_Teso

Ingo, hekta mbili za miti na shule ya ngoma ndiyo makavazi ninayoyataka mimi. Tunabishana juu ya nini?

#30 Ingo_Kwetu

Juu ya nani anashika ufunguo, dada. Leo ni miti, kesho kuna ofisi, kesho kutwa kuna meneja kutoka mbali na tiketi mlangoni, na mpigaji wetu anaitwa kucheza siku ya mgeni rasmi, anapewa soda.

#31 Nakuru_Section58

Nimesita kuandika hili. Nakuru hatuna kabila moja la kuonyesha, tumechanganyika, na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, tulichinjana. Niliyaona. Ndiyo maana nikisikia "makavazi ya wenyeji" moyo unaruka kidogo, kwa sababu neno "mwenyeji" hapa kwetu limewahi kutumika kuwaondoa watu majumbani.

Lakini kuna kitu nilikiona baadaye. Miaka ya 1990 Sultan Somjee, aliyekuwa mtaalamu wa utamaduni kwenye Makavazi ya Kitaifa, alianza kuwasaidia watu kuanzisha makavazi madogo ya amani vijijini, yale ambayo ndugu wa Mfangano ameyataja. Kila jamii ilete vifaa vyake vya upatanisho. Kwa Wapokot na jamaa zao kuna leketyo, mkanda wa uzazi wa ngozi ulioshonewa kauri. Wanaume wakipigana, mama akiuvua akauweka chini katikati yao, wanaacha. Hakuna anayeuruka mkanda uliobeba mimba. Wengine wana matawi, wengine vibuyu vya maziwa.

Mimi nataka chumba kimoja Nakuru chenye vitu hivyo tu, vya kila jamii iliyo hapa, na mama wa kila upande wa kueleza chake. Nisionyeshwe mikuki. Mikuki tuliiona.

#32 Araap_Njoro

Ndugu yangu. Nakuunga mkono kwa asilimia mia.

Lakini nisisitize pia: Mwogiek akisema "mwenyeji" hafukuzi mtu. Anaomba arudi. Tofauti hiyo tusiipoteze katika kutafuta amani.

#33 Nakuru_Section58

Nakubali kwamba ipo tofauti. Sikubali kwamba kila mtu ataiheshimu siku ya uchaguzi.

#34 Wekesa_wa_Chwele

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa: si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Sisi Wabukusu tunatahiri kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti. Mvulana anapiga chinyimba, kengele za mkononi, anaalika jamaa, kila mtu anaona. Lakini kuna maneno ya alfajiri, na kuna mambo ya mtoni, ambayo si ya kamera. Juzijuzi kila kitu kiko kwenye simu. Makavazi yakija na kinasa sauti kama anavyotaka Kijana wa Mfangano, nani atasema hapa mwisho? Napendekeza mzee awe na haki ya kusema hiki mkitunze, lakini kisikilizwe na ukoo peke yake.

#35 Kijana_wa_Mfangano

Wekesa, nakubali kabisa. Hata Kwitone kuna nyakati tunawaambia wageni leo hapana.

#36 Abiria_Homabay

Samahani kuwatoa njiani. Thimlich Ohinga, lile boma la kale la mawe, nafikaje kutoka Migori? Nataka kuwapeleka watoto waone zile kuta.

#37 JaKolwa

Shika njia ya Macalder, ni kama kilomita 46 kutoka mjini, sehemu ya mwisho uchukue boda. Beba maji. Kuta zingine zinapita mita nne na hakuna hata tone la saruji, mawe yamekaliana yenyewe. Ilitangazwa Urithi wa Dunia 2018. Mtafute mwongozaji wa palepale kijijini, atakuonyesha matundu ya kuchungulia adui ambayo ukipita peke yako huyaoni.

#38 Mzee_Chavakali

Nawaona mnaelewana juu ya mambo mazuri. Swali langu la #19 bado liko mezani.

#39 Wakili_Pembeni

Mzee, halitaisha leo. Ila kwa wanaotaka kufanya kitu: kila kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Bustani ya mbegu, nauli za wazee, kinasa sauti, hayo ni mambo madogo yanayoingia kwenye mpango wa wadi. Andikeni kurasa mbili, mpeleke kwa maandishi, mgongewe muhuri kwamba yamepokewa. Mama wa Kibuye na Mwalimu_Ahero wakitia sahihi pamoja, mimi nitaandika bila malipo.

#40 Mwalimu_Ahero

Niko tayari. NyarAsembo, uliza nyanya kama atakubali jina lake liandikwe kwenye kile kibao, na atanitajia zile sehemu nyingine za wafinyanzi.

#41 Ingo_Kwetu

Andikeni. Lakini muweke kifungu kinachosema ufunguo unakaa kwa nani. Bila hicho mimi sitii sahihi.

#42 Mama_wa_Kibuye

Niko kibanda cha mboga karibu na wauza samaki. Njooni Jumatatu baada ya saa nane, asubuhi sina nafasi.